Kumsifu Jenerali: Kuisoma Upya Tawasifu ya Waruhiu Itote

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa pili niliandika insha ya kozi ya tawasifu nikaipa jina la kishindo: "Jenerali China, Simba wa Kirinyaga". Nilikesha siku tatu nikiipiga msasa. Ikarudi na alama za wastani, na mwishoni maneno manne ya wino mwekundu: "Hii sifa, si uhakiki." Nilinuna wiki nzima. Niliona kwamba mwalimu hakunivunjia heshima mimi tu, bali na yule mzee niliyemwandikia, na hata marehemu babu yangu aliyekuwa Keya na kupigana Burma kama yeye.

Leo naafikiana na mwalimu wangu nusu. Nusu nyingine bado nabishana naye, na makala haya ndiyo ubishi wenyewe. Swali langu ni hili: Je, mhakiki anaweza kumsifu askari, akamsifu kwa dhati, na bado akabaki mhakiki? Au sifa tumwachie manju na malenga, sisi tubaki na kalamu za kukosoa tu?

Kitabu ninachokishughulikia ni Mau Mau General cha Waruhiu Itote, kilichotolewa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1967. Wengi wetu tunakifahamu kwa kukidondoa katika kozi za historia. Wachache tumekisoma kama kazi ya fasihi, ambayo ina msimulizi, ina mpangilio, ina vitu inavyosema na vitu inavyovinyamazia. Hebu tukisome hivyo.

Usuli wa mwandishi kwa ufupi

Itote alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Mwaka 1942 alijiunga na King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, akapelekwa Ceylon (ndiyo Sri Lanka ya leo) na kisha Burma. Vita vilipokwisha alirudi nyumbani akafanya kazi ya kuchochea moto katika garimoshi. Mwaka 1950 alikula kiapo. Mwaka 1952 akaingia msituni, na huko akawa Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mlima Kenya, wakati Dedan Kimathi na Stanley Mathenge wakiongoza upande wa Nyandarua. Tarehe 15 Januari 1954 alijeruhiwa na kukamatwa. Alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikabadilishwa, akakaa kizuizini hadi 1962. Baada ya uhuru alikuwa afisa wa ngazi ya juu katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa 1964. Alifariki 1993.

Usuli ni huo. Tusiupuuze, lakini tusiuchukue badala ya kitabu. Wanafunzi tuna tabia ya kuandika kurasa tano za maisha ya mtunzi na ukurasa mmoja wa kazi yake, kisha tunaita uhakiki!

Askari kabla ya jenerali

Sehemu inayonigusa zaidi si ya msituni. Ni ya Burma. Itote anatupeleka katika uwanja wa vita ambapo mzungu na mwafrika wanalala tope moja, wanakunywa chai ileile na kucheka mzaha mmoja, kwa sababu risasi ya Mjapani haiulizi rangi. Msomaji wa leo anaweza kuona ni jambo dogo. Kwa kijana aliyetoka Kenya ya kipande, Kenya ambamo mwafrika alikuwa na mlango wake na mzungu wake, chai ile ilikuwa mapinduzi. Aliona hofu usoni mwa bwana mkubwa. Ukishaiona hofu ya mtu, kumwogopa tena ni kazi.

Kisha yanafuata mazungumzo mawili ambayo kwa mtazamo wangu ndiyo moyo wa kitabu kizima. Kwanza ni mwanajeshi Mwingereza anayemuuliza Itote anapigania nini. Mwingereza huyo akifa, anajua amekufa kwa ajili ya nchi yake. Je, Itote akifa, nchi yake itafaidi nini? Baadaye, Calcutta, anakutana na Mmarekani mweusi, Stephenson, ambaye anamweleza kwa uchungu kwamba askari wa Kiafrika wanaompigania mkoloni watapigiwa makofi kwa siku moja kisha watasahaulika. Atakaye ushujaa wa kudumu akapiganie nchi yake mwenyewe.

Hapa tusipite haraka. Mimi katika insha yangu ya kwanza niliyachukua mazungumzo haya kama "mwamko wa kisiasa wa mhusika mkuu" nikayawekea alama ya vema nikaendelea. Sasa naona kwamba Itote anatupa kipimo cha kumpimia yeye mwenyewe. Anasema, kwa vinywa vya watu wengine wawili, kwamba utumishi wa askari hauna thamani kwa kuwa ni utumishi tu. Ujasiri, nidhamu, shabaha, uvumilivu wa njaa, yote hayo ni mali ya kukodishwa. Swali ni umeyaweka mkononi mwa nani.

Kipimo hiki ni kikali, na kinamkata babu yangu pia. Babu alirudi na medali na homa ya malaria, na hakupata hata robo ya shamba, ilhali wanajeshi wazungu waligawiwa ardhi katika nyanda zile walizoziita zao. Medali aliiweka katika mkebe wa biskuti pamoja na misumari. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uzembe wa mzee. Baada ya kumsoma Itote niliona kwamba ule mkebe ulikuwa maoni yake.

Uongozi msituni

Sasa tuingie msituni. Msomaji anayetarajia mapambano ya kusisimua kila ukurasa atavunjika moyo kidogo. Mapambano yapo, lakini mwandishi huyu anavutiwa mno na mpangilio: vikosi, vyeo, kanuni, mawasiliano na vijiji, nani anapeleka chakula na nani anapeleka habari. Mwenzangu mmoja darasani alisema, "Huyu anaandika kama karani." Tukacheka. Lakini hebu tujiulize: kwa nini?

Jibu langu ni kwamba hapo ndipo ulipo uongozi wake. Serikali ya kikoloni ilitangazia ulimwengu kwamba msituni kuna wendawazimu waliorudia ushenzi. Kila ukurasa ambao Itote anaeleza cheo, adhabu, au mgawanyo wa kazi ni hoja dhidi ya propaganda hiyo. Anachosema ni: lile lilikuwa jeshi. Wapiganaji wenye bunduki za kujiundia kwa mabomba ya maji na komeo za milango, lakini jeshi. Na ujuzi wa kulipanga ulitoka wapi? Ulitoka Keya. Mwalimu wake wa vita alikuwa mkoloni mwenyewe. Ile mali ya kukodishwa niliyoitaja hapo juu ameirudisha nyumbani.

Hata majina ya majenerali yana mafunzo. Mmoja China, mwingine Tanganyika. Mtu aliyesafirishwa na meli ya mkoloni kuvuka bahari alirudi akijua dunia ni pana, akavaa jina la nchi ya mbali kama kofia. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, katika A Grain of Wheat iliyotoka mwaka uleule wa 1967, ana Jenerali R., na herufi hiyo ni ya Urusi.

Kwa kulinganisha, tumtazame Boro katika Weep Not, Child (1964). Boro naye ni askari mstaafu wa vita vikuu vya pili, naye amempoteza ndugu huko, naye anaingia msituni. Ila Boro amebaki na kisasi peke yake. Hana anachokiamini isipokuwa kulipa. Ngũgĩ anamchora mkongwe ambaye vita vimemla ndani. Itote anajichora mkongwe ambaye vita vimempa kazi ya kufanya. Sisemi Itote ni mkweli zaidi. Huenda Boro ndiye mwenye ukweli ambao jenerali hakuweza kuuandika juu yake mwenyewe. Lakini tunaposema "fasihi ya Mau Mau" kana kwamba askari wote waliotoka Burma walikuwa na moyo mmoja, tunakosea.

Niliwahi kumuuliza babu ni ofisa gani aliyempenda vitani. Nilitarajia aniambie yule aliyekuwa hodari wa kupiga. Akasema, "Yule aliyekuwa anakula mwisho." Basi. Hakuongeza neno. Nimesoma vitabu vingi vya nadharia tangu wakati huo, na bado sijapata maelezo mazuri zaidi ya kwa nini orodha za Itote za chakula na kamati za vijiji zinastahili heshima. Jenerali anayekumbuka chakula kilitoka kwa nani, miaka 13 baadaye, ni jenerali aliyekuwa anahesabu watu wake.

Saa 68

Hadi hapa makala haya bado ni sifa. Sasa tufike pale ambapo insha yangu ya kwanza ilipita kwa kunyata.

Itote alikamatwa akiwa na jeraha la risasi shingoni. Alihojiwa kwa saa 68 na Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyekizungumza Kikuyu kama mwenyeji. Mahakama ya Nyeri ikamhukumu kunyongwa. Tarehe 4 Machi 1954 gavana alibadilisha hukumu hiyo, na kilichomwokoa ni kukubali kwake kushirikiana na serikali katika kuwaandikia na kuwaita viongozi wenzake waje kwenye mazungumzo ya kusalimisha silaha. Mazungumzo yale yalivunjika mwezi Aprili. Tarehe 24 mwezi huohuo Operesheni Anvil ikaanza Nairobi, na maelfu ya watu wakazolewa kupelekwa kambini.

Je, huyu ni shujaa au msaliti? Darasani kwetu swali hili lilitugawa vipande viwili. Mwenzangu aliyesema "karani" alisimama akasema waziwazi: Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, China akapata mshahara wa serikali, chagueni. Watu wakapiga makofi. Nami nilikaa kimya, na kimya kile kinanisumbua hadi leo.

Fasihi yetu imelijibu swali hili kwa njia ya mkato. Katika The Trial of Dedan Kimathi (1976), ambayo Raphael Kahaso aliitafsiri kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi (1978), Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo wanamweka Kimathi seluni na kumletea vishawishi mmoja baada ya mwingine. Mhusika Shaw Henderson yumo, na kazi yake ni kumrubuni. Kimathi wa jukwaani anawakataa wote. Ni tamthilia yenye nguvu, na nilipoiona ikiigizwa nywele zilinisimama. Lakini hebu tuseme ukweli: seli ile ya jukwaani ndiyo seli ya Itote iliyosahihishwa. Watunzi wamempa Kimathi saa 68 za China, kisha wakamfanya aseme hapana kila mara. Tamthilia inatufundisha shujaa anavyopaswa kuwa. Tawasifu inatuonyesha mtu mwenye risasi shingoni anavyokuwa.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kumtetea Itote kwa kusema "kila mtu angefanya vile". Hilo si kweli. Kuna waliokataa wakafa, na majina yao hatuyajui. Tena mwaka 2015 Myles Osborne alihariri The Life and Times of General China, akaiweka tawasifu hii pamoja na kumbukumbu za mahojiano na za kesi yenyewe. Ukizisoma pamoja unaona sauti mbili. Katika maandishi ya polisi ni mfungwa anayeeleza muundo wa jeshi lake. Katika tawasifu ni kamanda ambaye bado anafikiri kama kamanda, anayetafuta njia ya watu wake wasimalizwe. Mhakiki hana ruhusa ya kuchagua sauti moja kwa kuwa inampendeza. Ripoti imeandikwa na aliyeshika bunduki, na tawasifu imeandikwa na mwenye jina la kulinda. Kila moja ina sababu yake ya kusema ilichosema.

Ninachokisifu ni kitu kimoja, na nakisifu bila haya: Itote mwenyewe aliiandika sura hiyo. Mwaka 1967 wimbo wa taifa zima ulikuwa kusahau yaliyopita. Angeweza kuandika Burma, akaandika msitu, akaruka hadi siku ya bendera. Wakongwe wengi husimulia vita hivyo. Yeye alimweka jenerali aliyeshindwa katikati ya kitabu chenye neno "jenerali" juu ya jalada. Amempa msomaji fimbo ya kumpigia. Kwangu huo ni utumishi wa tatu, baada ya ule wa Keya na ule wa msituni, na pengine ndio mgumu kuliko yote.

Lugha na mtindo

Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, bila mapambo. Tukumbuke alivyokipata Kiingereza hicho: alisoma zaidi akiwa kifungoni Lokitaung, ambako alikuwa na Jomo Kenyatta, na Kenyatta alikuwa mmoja wa walimu wake. Kwa hiyo ni maisha yaliyoishiwa kwa Kikuyu na kwa Kiswahili cha jeshi, yakaandikwa kwa lugha ya tatu iliyojifunzwa nyuma ya nyaya. Msomaji wa Kiswahili anaposoma amri na mazungumzo ya Keya katika Kiingereza kile, anasikia kwa chini Kiswahili cha sajini kikigonga. Nilipokuwa nasoma nilijikuta nikigeuza sentensi kimoyomoyo, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya babu. Ndiyo maana naamini kitabu hiki kinatuhusu sisi wa Kiswahili, wala tusiwaachie jirani zetu wa idara ya Kiingereza.

Kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi

Amefaulu kuonyesha kwamba mapambano ya msituni yalikuwa na fikra na mpango. Amefaulu kuunganisha Burma na Mlima Kenya kwa uzi mmoja. Amefaulu, kama nilivyoeleza, kutoficha anguko lake.

Kutofaulu kupo. Kwanza, hiki ni kitabu cha mwanamume juu ya wanaume. Anayetaka kusikia mwanamke aliyebeba silaha na siri akizungumza kwa nafsi yake itambidi amsome Wambui Waiyaki Otieno katika Mau Mau's Daughter (1998).

Pili, na hili ni zito zaidi, mwandishi anapomfikia Kenyatta, kalamu yake inapiga saluti. Mtu aliyewauliza Waingereza maswali mazito, aliyekiuliza hata Keya kilichomlea, hamuulizi Mzee swali hata moja. Wapiganaji waliorudi kutoka msituni wakakuta mashamba yana wenyewe wapya, tena weusi, wana haki ya kuuliza: jenerali wetu, hapa mbona kimya? Sheria iliyoipiga marufuku Mau Mau ilibaki vitabuni hadi 2003. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi 2007, si mbali na ile ya askari wa vita vikuu vya kwanza iliyozinduliwa na wakoloni mwaka 1928. Yaani askari wa mkoloni waliokufa bila majina walitangulia kupata sanamu kwa miaka 79.

Na hapa ndipo nilipokamatika mimi mwenyewe. Itote alimfanyia Kenyatta kitu kilekile nilichomfanyia Itote katika insha ya mwaka wa pili. Alimpenda, akamshukuru, akaacha kumuuliza. Nilipoona hivyo niliitoa ile insha kabatini, nikayasoma tena maneno manne ya wino mwekundu, na safari hii sikununa.

Hitimisho

Basi mwalimu wangu alikuwa sahihi kwamba ile ilikuwa sifa. Ila sikubaliani naye kwamba sifa na uhakiki ni maadui. Sifa isiyouliza ndiyo adui. Stephenson alimwonya Itote juu ya makofi ya siku moja, na makofi ya siku moja ni yale yanayopigwa na watu wasiotaka kujua zaidi. Insha yangu ilikuwa makofi ya aina hiyo. Na wale waliopiga makofi darasani siku Itote alipoitwa msaliti, nao walipiga yaleyale.

Mimi namsifu Waruhiu Itote kwa kujifunza kazi katika jeshi la mtu mwingine na kuirudisha nyumbani. Kwa kuwahesabu watu wake. Na kwa kuandika saa zake mbaya kabla hatujazigundua wenyewe. Namlaumu kwa saluti ile ya mwisho. Sioni kwamba lawama hii inapunguza sifa hizo, maana bila yeye kuniandikia nisingekuwa na cha kulaumu.

Mwenzangu wa "karani" yuko huru kunijibu katika toleo lijalo. Namwomba jambo moja tu: aisome kwanza sura ya kukamatwa, aisome pamoja na kumbukumbu za polisi, kisha aandike. Nami nitamjibu.